Bwana Ndoo na Kambare Aliyekataa Kufa

Katika familia ya marehemu mume wangu, mtu husifiwa akishazikwa. Akiwa hai hupewa ushauri. Mimi nimezika watu wa kutosha, na nimesikia sifa nyingi zikimwagwa mahali ambapo mwenyewe hawezi tena kuzisikia. Basi leo nitamsifu mtu angali anatembea, anakula, na anaweza kunisahihisha nikikosea. Ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Watoto wangu humwita baba mdogo. Watu wengine wote, kuanzia mameneja wa benki hadi wafagiaji wa hospitali, humwita Bwana Ndoo.

Jina hilo sikulipenda hata siku moja. Mume wangu alikuwa mpima ardhi, mtu ambaye wakubwa walisimama kumsalimia. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kwa miaka kumi na minne. Ukikaa katika kiti kama hicho, hupendi kusikia ndugu wa mumeo akiitwa kwa jina la chombo cha kuchotea maji. Lakini ndoo ndiyo kazi yake. Shemeji yangu husafisha matangi ya samaki. Popote unapokaa ukisubiri jambo la kukutia hofu, na mbele yako pana sanduku la kioo lenye maji safi na samaki wanaozunguka bila haraka, huenda yeye alipita hapo asubuhi kabla milango haijafunguliwa, akapiga magoti, akavuta uchafu kwa mpira, akaondoka na ndoo zake kabla hujafika.

Kwa miaka mingi, wageni walipouliza, nilisema shemeji aliacha shule. Ni kweli, ila ni kweli iliyokatwa mkia. Alipokuwa kidato cha pili, baba yao alipooza upande mmoja. Mgonjwa alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani mchana kutwa, na mama yao alikuwa kazini. Mkubwa alikuwa na mtihani mwaka huo. Mdogo akabaki. Alibaki miaka mitatu, hadi mzee alipofariki, na wakati huo mume wangu alikuwa tayari chuoni. Wenzake wa darasani walikuwa wamemwacha mbali, naye akaenda kutafuta kazi ya kufagia.

Aliipata kwa daktari wa meno. Katika chumba cha kusubiria palikuwa na tangi, na samaki wake walikuwa wakifa kila wiki kama wamepewa zamu. Daktari akinunua wengine, nao wanakufa. Aliyekuwa akibadilisha maji aliyachota bombani na kuyamwaga moja kwa moja. Shemeji aliona kitu ambacho wasomi wote waliokaa katika chumba kile hawakukiona: ndoo ya maji ya maua, iliyokaa wazi tangu jana, ilikuwa haina ile harufu kali ya dawa ya maji ya bomba. Akaomba ajaribu. Akawatilia samaki maji yaliyokaa siku nzima. Wiki ile hakufa hata mmoja.

"Maji lazima yalale kwanza," aliniambia nilipoolewa katika ukoo huu. "Hata wewe, Shemeji, ukiamshwa ghafla huwi mtu mzuri."

Hapo ndipo ndoo zilipoanza. Nyuma ya nyumba yake zimepangwa kumi na moja, wazi, zikilaza maji.

Katika tangi lile la daktari kulikuwa na kambare mmoja. Sisemi kambare wa kuliwa. Huyu ni wa pambo, ana magamba magumu kama silaha na mdomo ulio chini ya kichwa, ambao hutumia kung'ang'ania kioo huku akikwangua ukijani unaoteleza. Shemeji alipenda kuwaonyesha wagonjwa waliokuwa wakitetemeka. "Mnamwona huyu? Ndiye peke yake humu anayefungua mdomo bila daktari kumwambia." Daktari alipostaafu na kufunga chumba chake, alimpa shemeji kambare yule. Shemeji akampa kaka yake, pamoja na tangi, akamwekea katika chumba chake cha kazi chini ya ramani. Mume wangu akamwita Bawabu, kwa sababu alikaa kwenye kona karibu na bomba la hewa na kumkagua kila anayeingia.

Kwa miaka kumi na tisa shemeji alikuja kila Alhamisi kusafisha tangi hilo. Aliingia kwa mlango wa jikoni. Hiyo ilikuwa kanuni yangu. Nilisema ni kwa ajili ya zulia, na zulia lilikuwa sababu, lakini halikuwa sababu yote. Yeye na kaka yake walifungiana mle chumbani saa nzima, na nilichokisikia kutoka nje kilikuwa kicheko tu.

Mume wangu alipougua, aliniambia mengi akiwa hospitali, mengine ya maana na mengine ya dawa. Hili alilisema akiwa na akili zake timamu, ameshika mkono wangu: "Bawabu ni wa mdogo wangu. Mpelekee wewe mwenyewe. Usimtume mtu." Nikasema nitampeleka. Siku nne baadaye akafariki.

Sasa nitaandika jambo ambalo sikuwahi kulisema hata kwa watoto wangu.

Siku ya tatu ya msiba ilikuwa Alhamisi. Sebule ilikuwa imejaa, na katika chumba cha kazi cha marehemu tuliwakalisha wakubwa wake wa ofisini, watu watano wenye suti, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na viti vizuri. Shemeji akatokea na ndoo mbili na mpira wake. Alivaa shati safi la msibani, akalikunja mikono. Akawaomba radhi, akapiga magoti mbele yao, akaweka ncha ya mpira mdomoni na kuvuta ili maji yaanze kushuka, kama anavyofanya siku zote. Maji kidogo yakamwingia, akatema ndooni kwa adabu.

Mkubwa mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?"

Nikajibu, "Ni fundi wa samaki."

Sikusema ni mdogo wake marehemu. Sikusema ndiye aliyemgeuza baba yao kitandani ili huyu tunayemlilia aweze kusoma. Shemeji alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Mkono wake ulisimama juu ya kioo, kisha ukaendelea kufuta. Alimaliza kazi, akabeba ndoo, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Baada ya hapo sikuweza kumtazama usoni, na mtu unayeshindwa kumtazama usoni huwa rahisi sana kumwona ana makosa. Nilianza kusema moyoni kwamba hakuwa na haja ya kuja na mpira siku ile. Kwamba angeweza kusubiri. Alhamisi iliyofuata nilimpigia simu kumwambia asije, nyumba ina wageni. Iliyofuata, vivyo hivyo. Suala la kumpelekea Bawabu nililiweka mbali, nikijiambia haifai kitu cha marehemu kutolewa nyumbani kwenye ndoo wakati watu bado wanakuja kutoa pole.

Kisha binti yangu akanitaka niende kwake nikapumzike. Nikakubali. Mimi huwa siondoki nyumbani ovyo. Ndani ya mlango wa kabati la jikoni nimebandika karatasi niliyoiandika mwenyewe, ya mambo ya kufanya kabla ya safari: kufunga gesi, kutoa takataka, kuchomoa friji na kuacha mlango wake wazi, kushusha swichi kuu, kuvuta mapazia. Binti zangu huicheka karatasi hiyo, lakini hawajawahi kurudi nyumbani kwangu wakakuta friji imenuka. Nikaifuata neno kwa neno. Nikashusha swichi kuu, nikafunga, nikaondoka na funguo zote mbili.

Tangi halikuwamo katika karatasi. Halikuwahi kuwamo, kwa sababu kila tuliposafiri, ufunguo mmoja ulibaki kwa shemeji, naye hakuhitaji kuandikiwa.

Nilikaa kwa binti yangu wiki tano. Katika wiki ya tano, mjukuu wangu alikuwa akichora picha ya nyumba ya babu, akaniuliza, "Bibi, Bawabu anapewa chakula na nani?" Nikamwambia anapewa na babu mdogo. Nilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema jua limechomoza. Kisha nikakumbuka mikono yangu ikishusha ile swichi, na kwamba funguo zote mbili zilikuwa kwenye mkoba wangu.

Nilirudi asubuhi iliyofuata. Chumba cha kazi kilikuwa na harufu ya mtaro. Maji yalikuwa yamepungua zaidi ya shubiri, na yaliyobaki yalikuwa ya rangi ya kijani iliyoiva, huwezi kuona nyuma yake. Samaki wadogo wenye rangi, wote kumi na wawili, hawakuwapo. Nilikaa kwenye kiti cha mume wangu na nikafikiri kwa makini, na niliyoyafikiri hayakuwa mazuri. Nilifikiri nitamwaga maji yale, nioshe kioo, nitafute duka, ninunue kambare mwingine wa ukubwa ule ule na kumpeleka kwa shemeji. Nani angejua? Nilikwenda nikaleta jagi la kuanzia kuchota.

Nilipolitumbukiza, kigogo kilichokuwa chini ya maji kikatikisika. Kisha kitu kikapanda kutoka kwenye giza lile, pua ikatoka juu ya maji, kikapiga funda moja la hewa, kikashuka tena.

Sijui nilisema nini. Najua kwamba jagi lilianguka. Nilikimbia jikoni, nikajaza ndoo kwa maji ya bomba, safi, baridi, nikaibeba hadi chumbani na kuiinua hadi kwenye ukingo wa tangi. Hapo nikaisikia ile harufu ya dawa. Nikaishusha ndoo nusu, nikashika simu kwa mkono mwingine.

"Shemeji," nikasema, "maji ya bomba nikiyatia sasa hivi itakuwaje?"

"Umeshatia?"

"Bado."

"Weka ndoo chini. Umeiweka?"

"Nimeiweka."

"Umeme umewasha?"

"Bado. Nilizima wakati naondoka. Wiki tano, Shemeji."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Usiwashe chujio. Uchafu uliolala humo wiki tano sasa ni sumu. Usimpe chakula. Usimhamishe. Usifanye kitu chochote mpaka nifike. Najua ni kazi ngumu kwako."

Alifika na ndoo mbili za maji yaliyolala, akaingia kwa mlango wa jikoni. Hakunilaumu. Alilitazama tangi kwa muda mrefu, mikono mgongoni, kama daktari anayetazama mgonjwa wa daktari mwingine. Bawabu akapanda, akapiga funda, akashuka.

"Umeona?" akasema. "Huyo hana haja na pampu yetu. Maji yakimnyima hewa, anaifuata juu, anaimeza, anashuka nayo. Anapumulia tumbo."

"Samaki hapumulii tumbo."

"Haya. Tafuta kitabu, Mwalimu."

Baadaye nilitafuta, na ni kweli. Kambare wa aina hiyo humeza hewa na kuipumua ikiwa tumboni, ndiyo maana huweza kudumu katika maji ambayo wengine hufa kwa saa chache. Na chakula alikuwa nacho: ule ukijani wote kwenye kioo, kigogo cha kukwangua, na wenzake waliotangulia, Mungu atusamehe.

Nikamwambia amwage maji yote machafu, atie safi. Akatikisa kichwa. Akachota kikombe kimoja cha maji mapya, akakimimina polepole pembeni. Akasubiri. Kisha kikombe kingine.

"Ameshazoea maji mabaya," akasema. "Ukimpa mazuri yote kwa mara moja, unamuua kwa wema."

Tulikaa hivyo, yeye akimimina, mimi nikihesabu vikombe kwa sababu nilihitaji kitu cha kufanya. Kwenye kikombe cha ishirini na kitu nikasema, "Kaka yako aliniachia wosia. Bawabu ni wako. Alisema nikuletee mwenyewe. Sikukuletea."

"Najua. Aliniambia na mimi."

"Ulijua muda wote?"

"Alisema, 'Shemeji yako atakuletea, ila mpe muda, ana mambo ya adabu.'" Akatabasamu akitazama maji. "Nikakupa muda. Kambare naye akakupa muda."

Nilijua nikinyamaza hapo, mambo yatakwisha vizuri na sitawahi kusema lililobaki. Nikasema, "Siku ile mbele ya wale watu wa ofisini. Nilisema wewe ni fundi wa samaki."

Akamimina kikombe. "Kwani mimi si fundi?"

"Wewe ni ndugu yake."

"Hilo nalo ni kweli." Akaweka kikombe chini, akajifuta mikono kwa shati. "Iliniuma, Shemeji, sitakudanganya. Nilifika nyumbani nikazitazama ndoo zangu nikasema, hizi ndizo zimenifikisha hapa. Wiki nzima. Lakini sisi tusiosoma nasi tunapumulia tumbo. Unapanda, unapiga funda, unashuka, kazi inaendelea."

Nilimwomba msamaha. Niliomba kwa maneno kamili, nikiwa nimesimama, kwa jinsi nilivyowafundisha wasichana kuomba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Sasa shika huu mpira, mgongo wangu unauma."

Bawabu hakuweza kuhamishwa siku ile. Shemeji alisema akihamishwa akiwa dhaifu atakufa njiani, angoje wiki sita. Kwa wiki sita alikuja kila siku ya pili. Mimi nilianza kulaza maji. Ndoo nne zilipangwa kwenye ukumbi wangu, na mtu aliyeingia alilazimika kuziruka. Nilijifunza kuvuta mpira kwa mdomo. Mara ya kwanza nilimeza maji ya tangi, mimi niliyewahi kumrudisha msichana nyumbani kwa kutafuna mbele ya mgeni rasmi, na shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Na mle chumbani nilisikia, kwa mara ya kwanza kutoka ndani, mambo ambayo yeye na kaka yake walikuwa wakiyacheka kwa miaka kumi na tisa. Mengi yalinihusu mimi. Mume wangu alikuwa anaigiza jinsi ninavyofunga milango kabla ya safari. Nilidhani ninamjua mume wangu kikamilifu, kumbe saa moja ya kila Alhamisi sikuwa nayo. Shemeji alinipa saa hizo kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, na sina namna ya kumlipa.

Wiki ya sita ilipotimia, alikuja Jumamosi asubuhi. Tulimtia Bawabu katika ndoo yenye maji yake mwenyewe, tukaifunika kwa kitambaa. Tangi lingefuata baadaye kwa gari. Shemeji akainama kubeba na kugeukia jikoni, kama kawaida yake.

"Si huko," nikasema. Nikafungua mlango wa mbele.

"Shemeji, huku kuna ngazi tatu. Ndoo ni lita ishirini. Jikoni ni sawa tu."

"Niliambiwa nimlete mwenyewe. Shika upande wako."

Tulishika mpini watu wawili, na kwa kuwa yeye ni mrefu na mimi si mrefu, ndoo ililala upande wangu na maji yakanimwagikia viatu vya ngozi kwenye ngazi ya kwanza. Kwenye ngazi ya pili pia. Kwake ni mwendo wa robo saa, na barabara ilikuwa imejaa watu wa Jumamosi. Tulipumzika mara tatu. Mara ya pili tulisimama mbele ya nyumba ya jirani yangu, mke wa wakili, aliyekuwa akimwagilia maua. Alitazama sketi yangu iliyolowa, akatazama ndoo.

"Mwalimu, mmebeba nini jamani?"

"Kambare wa marehemu," nikasema. "Tunampeleka kwa mwenyewe. Na huyu hamjakutana rasmi. Ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyeuguza baba yao."

"Na ni fundi wa samaki," shemeji akaongeza. "Kama mna tangi."

Mke wa wakili alisema hawana, lakini mume wake amekuwa akilitaka siku nyingi. Wakaanza kuzungumza hapo hapo barabarani kuhusu ukubwa wa kioo na mahali pa kukiweka. Mimi nilifunua kitambaa pembeni. Bawabu alikuwa ameng'ang'ania ukuta wa ndoo kwa mdomo, magamba yake meusi yakiwa yanang'aa, jicho moja likinikagua. Nikakirudisha kitambaa, nikangoja wamalize, nikiwa nimeshika upande wangu wa mpini.